MAELEZO KWA WANANCHI: VIFAA VYA KUSAFISHA MOSHI KATIKA MATREKTA MADOGO YA DIZELI

Wananchi wanaokusudia kununua matrekta madogo, yaani yale yenye nguvu za farasi kati ya 15 na 60, wanapewa maelezo haya ili wapate kulielewa jambo ambalo huwatia wasiwasi wengi, nalo ni vifaa vya kusafisha moshi vinavyofungwa katika injini za dizeli za kisasa. Wapo wanaoviogopa vifaa hivyo kwa kuwa wamesikia kwamba huziba na kulisimamisha trekta katikati ya msimu. Wapo wanaonunua trekta lililokwisha kutumika bila ya kujua kuwa limefungwa kifaa hicho, wakaja kutanabahi pale taa ya onyo inapowaka shambani. Na wapo wanaoshauriwa wakikate kifaa hicho na kukitupa. Kwa mkulima aliyekopa fedha ili anunue trekta moja tu, kosa katika uchaguzi huu si dogo, kwa sababu mvua za masika hazimngojei fundi.

Mfano uliochaguliwa katika maelezo haya ni wa mwenye trekta anayeishi kata ya Sombetini, katika Jiji la Arusha. Mtu huyo anakutana na karibu mambo yote yanayohusika. Analaza trekta lake mjini, uani, karibu na madirisha ya majirani. Analima nje ya mji, mathalan Kisongo, Monduli au kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hununua dizeli kituoni na kuichukua kwa madumu hadi shambani, na kazi yake yote huifanya mahali palipoinuka sana kutoka usawa wa bahari. Mkulima wa mpunga wa Cheju, Unguja, au wa mabonde ya Pemba ataona kuwa mengi yatakayoelezwa yanamhusu yeye pia, isipokuwa lile la mwinuko.

Vifaa hivyo ni nini

Injini ya dizeli huunguza mafuta kwa kuigandamiza hewa mpaka ikawa na joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa ndani yake. Pale ambapo mafuta hayakupata hewa ya kutosha hubakia masizi, nayo ndiyo moshi mweusi unaoonekana kwenye bomba la ekzosi. Mbali na masizi hayo, joto kubwa la mwako huiunganisha naitrojeni ya hewani na oksijeni, zikatokea gesi zenye kuwasha macho na kifua.

Ili kupunguza madhara hayo, viwanda vimetumia njia nne. Ya kwanza ni kunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa sana kwa kutumia nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ili mafuta yasambae kama ukungu na yaungue vyema. Ya pili ni kuurejesha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako. Ya tatu ni kuupitisha moshi katika kichocheo, ambacho huunguza mabaki ya mafuta na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Ya nne, ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi, ni chujio la masizi. Hilo ni kopo la chuma lenye udongo wa kauri ndani yake, uliotobolewa vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Moshi hulazimika kupenya katika kuta za sega hilo, na masizi hubakia.

Chujio lolote hujaa, na hili nalo hujaa. Tofauti yake ni kwamba hujisafisha lenyewe kwa moto. Trekta likifanya kazi nzito, moshi huwa na joto la kutosha na masizi huungua polepole bila ya dereva kujua. Joto lisipotosha, kompyuta huamuru mafuta kidogo ya ziada yanyunyizwe ili chujio lifikie joto la karibu sentigredi 600, na masizi yote yaungue. Kazi hiyo huchukua kiasi cha nusu saa au chini ya hapo. Katika matrekta mengi dereva huonyeshwa taa, na huwepo kitufe cha kuiruhusu au kuizuia kazi hiyo.

Mpaka wa nguvu za farasi 25

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba si kila trekta dogo lina chujio. Hilo linategemea nguvu ya injini, mwaka ilipotengenezwa, na nchi ambayo trekta lilikusudiwa kuuzwa.

Marekani ilipitisha mwaka 2004 masharti mapya ya injini za mashamba na za ujenzi, yakaanza kutumika kwa hatua. Injini iliyo chini ya kilowati 19, ambazo ni sawa na nguvu za farasi 25 hivi, iliruhusiwa kutoa masizi yasiyozidi gramu 0.40 kwa kila saa ya kilowati. Injini iliyovuka mpaka huo ilitakiwa, kuanzia mwaka 2013, isizidishe gramu 0.03. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 13. Umoja wa Ulaya uliuweka mpaka wake mahali hapo hapo, na tangu mwaka 2019 masharti yake kwa injini ndogo zilizovuka kilowati 19 ni makali zaidi, kiasi kwamba chujio limekuwa jambo la kawaida.

Ndiyo sababu viwanda vingi hutengeneza matrekta yenye nguvu iliyopungua kidogo tu chini ya 25. Kubota L2501, kwa mfano, ina injini ya nguvu za farasi 24.8, na haina chujio la masizi. Lile linalolifuata kwa nguvu, likiwa limetengenezwa kwa ajili ya masoko hayo, kwa kawaida huwa nalo. Hata hivyo kanuni hii ina vighairi vyake, kwani viwanda vingine, kama Mahindra ya India, vimetoa injini zilizovuka mpaka huo na kutimiza masharti ya Marekani kwa mwako mzuri na kichocheo, pasipo chujio.

Kuna mpaka wa pili katika kilowati 56, yaani nguvu za farasi 75 hivi. Kuanzia hapo injini nyingi za masoko hayo hutumia pia maji maalumu yenye urea asilimia 32.5, yanayowekwa katika tangi lake peke yake. Anayenunua trekta dogo kwa kawaida hatakutana nayo. Lakini akikutana nayo, afahamu kuwa urea ya mbolea haifai kuyeyushwa na kutiwa humo, kwani ina vitu vingine vinavyoharibu kichocheo, na ukarabati wake ni wa fedha nyingi.

Matrekta yanayopatikana nchini

Matrekta mapya yaliyoingia Tanzania kwa wingi tangu ilipotangazwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 yametoka zaidi India. Miongoni mwao ni Farmtrac na New Holland yaliyoletwa na SUMA JKT kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka Serikali ya India. India nayo ina masharti yake ya moshi, lakini yale makali yalianza Januari 2023, na yalihusu matrekta yaliyozidi nguvu za farasi 50. Kwa hivyo trekta la India lenye nguvu za farasi 50 au chini yake, lililotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa huko, kwa kawaida lina injini ya zamani yenye pampu ya kimakanika na halina chujio. Mwenye hofu ya chujio akinunua trekta la namna hiyo hana cha kuogopa.

Matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani, hasa yale ya miaka ya 1980 na 1990, nayo hayana kifaa hicho. Tahadhari inahitajika kwa trekta lililotumika lenye nguvu zaidi ya farasi 25, lililotengenezwa mwaka 2013 au baadaye kwa ajili ya Ulaya, Marekani au Japani. Hilo huenda likawa na chujio, kompyuta na nozeli za shinikizo kubwa, na bei yake ya kununulia haionyeshi gharama ya kulitunza.

Dizeli yetu

Wengi huuliza kama chujio linaweza kudumu kwa dizeli ya Afrika ya Mashariki. Adui mkubwa wa vifaa hivi ni salfa iliyomo katika mafuta. Marekani dizeli huwa na salfa isiyozidi sehemu 15 kwa kila milioni, na Ulaya sehemu 10. Kwetu, mwaka 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo zilianza kutumia kiwango kimoja cha sehemu 50. Kabla ya hapo Tanzania iliruhusu sehemu 500. Kwa kiwango cha sehemu 50 chujio linaweza kufanya kazi, ingawa viwanda vingi hutaka 15. Inampasa mnunuzi asome katika kitabu cha trekta kiwango kinachotakiwa, na asikubali neno la muuzaji peke yake.

Uchafu na maji ni hatari nyingine, nayo pengine humfika mwenye trekta mapema kuliko salfa. Dizeli iliyokaa katika pipa lililofunguliwa mara kwa mara huingia vumbi, na usiku wa baridi chini ya Meru unyevu hugeuka maji ndani ya pipa. Injini ya pampu ya kimakanika huvumilia kiasi fulani cha uchafu huo. Nozeli za shinikizo kubwa hazivumilii. Inafaa dizeli iachwe itulie kwa saa kadhaa kabla ya kumiminwa, ichujwe, na mafuta ya chini kabisa ya pipa yasitiwe katika tangi.

Aidha wapo wanaokumbuka zama za dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama ifanyavyo dizeli, na huzila upesi. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya itoweke. Hata hivyo ni busara kununua katika kituo kinachotoa risiti na kuihifadhi risiti hiyo.

Mwinuko na namna ya kazi

Arusha ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Meru yapo juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi. Injini isiyokuwa na kifaa cha kusukumia hewa, ambacho mafundi hukiita tabo, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Trekta lililoandikwa nguvu za farasi 25 kiwandani, likifika Sombetini, hufanya kazi kama lenye 22 hivi. Likipewa mafuta yale yale kwa hewa iliyopungua, hutoa moshi mweusi. Kwa sababu hiyo anayenunua trekta lisilo na tabo kwa kazi za mlimani aongeze nguvu kidogo katika hesabu yake, naye fundi asizidishe mafuta kwenye pampu akidhani kuwa anairejesha nguvu iliyopotea.

Namna ya kazi ina uzito kama huo. Chujio hupenda kazi ndefu na nzito, kama vile kulima, kupiga haro au kuvuta tela lililojaa. Linalolidhuru ni kuwasha trekta kwa dakika kumi ili kusogeza samadi, kulizima, kuliwasha tena, na kuliacha liungurume nusu saa bila ya kazi huku dereva akizungumza. Moshi wa namna hiyo hauna joto, na masizi hujilundika. Dereva akiizuia kazi ya kujisafisha mara kwa mara, mwisho kompyuta hupunguza nguvu za injini, na trekta hutembea kwa shida hadi fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta apatikane. Mwenye kazi ndogo ndogo za bustani, ng'ombe wachache na tela dogo atatumikiwa vizuri zaidi na injini iliyo chini ya farasi 25 isiyo na chujio. Anayetaka kuvuta plau ya diski tatu ahitaji trekta la nguvu za farasi 60 hivi au zaidi, na hilo si trekta dogo tena.

Masizi yanapoungua hubakia majivu machache yatokanayo na oili ya injini, nayo hayaungui. Ndiyo maana injini hizi hutaka oili yenye majivu machache, iliyoandikwa CJ-4 au CK-4 kwenye kopo lake. Masharti ya Marekani huwataka watengenezaji wa injini za ukubwa huu wahakikishe kuwa chujio halihitaji kutolewa na kusafishwa majivu kabla ya saa 3,000 za kazi. Anayelima shamba lake tu kwa saa 400 kwa mwaka atafika huko baada ya miaka saba na nusu. Anayekodisha trekta kwa saa 1,000 kwa mwaka atafika mwaka wa tatu. Kila mmoja afanye hesabu yake. Na anayenunua trekta lililotumika aisome saa ya injini, kwani huenda gharama hiyo ikamwangukia yeye.

Mambo mawili zaidi yazingatiwe. Wakati chujio linapojisafisha bomba la moshi huwa na joto kali mno, kwa hivyo trekta lisisimamishwe juu ya majani makavu wala karibu na ghala la marobota. Pia mafuta ya ziada yanayonyunyizwa yanaweza kuteremka kwenye oili. Oili ikionekana kupanda katika kijiti cha kupimia, ibadilishwe.

Kuhusu kukata chujio

Baadhi ya wenye matrekta hushauriwa walitoboe au waliondoe chujio na kuidanganya kompyuta. Ushauri huo haufai kufuatwa. Injini iliyotengenezwa kwa kifaa hicho imepangiwa mafuta, hewa na moshi unaorejeshwa kwa kukitegemea, na ikivurugwa mpangilio huo huweza kuzusha hitilafu ambazo fundi mwingine hataweza kuzifuatilia. Dhamana ya kiwanda hupotea. Nchini Marekani kitendo hicho ni kosa la kisheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zimeweka wazi kwamba hewa safi inalindwa na sheria.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni afya. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kwanza ni dereva mwenyewe, ambaye hukaa nyuma ya bomba siku nzima. Wanaofuata ni watoto wa uani, pale trekta linapowashwa alfajiri baina ya nyumba zilizobanana. Asiye na chujio naye anao wajibu. Asiliwashe trekta bandani pasipo hewa, na asiliache liungurume bure.

Mwenye injini ya zamani anaweza kuujua ugonjwa wake kwa rangi ya moshi. Mweusi huonyesha hewa pungufu au mafuta mengi, na mara nyingi dawa yake ni kusafisha au kubadilisha chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi, au kupima nozeli. Wa buluu huonyesha oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huonyesha mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani. Kila moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa ikapotea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa apate majibu ya maswali yafuatayo, na yale yanayowezekana ayapate kwa maandishi:

(a) Injini ina kilowati ngapi, imetengenezwa mwaka gani, na kwa soko la nchi gani? Kibao kilichobandikwa kwenye injini huonyesha mengi kati ya hayo.

(b) Je, ina chujio la masizi? Kama inalo, limefanya kazi saa ngapi na limesafishwa lini?

(c) Kitabu cha trekta kinataka dizeli ya salfa kiasi gani, na oili ya aina gani? Je, oili hiyo inapatikana mjini Arusha?

(d) Ni fundi gani wa karibu mwenye chombo cha kusoma kompyuta ya injini hiyo, na vipuri vyake huagizwa wapi?

(e) Je, aina hiyo ya trekta imefanyiwa majaribio nchini? Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1981, kipo Arusha, na kupima zana za kilimo ni miongoni mwa kazi zake.

Iwapo swali la (d) halina jibu, mnunuzi asilipe, hata kama trekta lenyewe ni zuri na bei yake ni nafuu. Na iwapo yote yamejibiwa vyema, trekta lenye chujio lisikataliwe kwa uvumi tu. Likipewa kazi inayolifaa, mafuta safi na oili yake, litamlimia mwenyewe kwa miaka mingi, na majirani hawatafunga madirisha linapowashwa.